Nilichagua mawe bapa ya mtoni kwa msingi wa nyumba ya mama, kumbe ni tope lililokauka

Wakuu, habari za huko mliko.

Haya yalinitokea mwenyewe, na mengi yake yananiaibisha. Mtu haongezi chumvi kwenye aibu yake, kwa hiyo yapokeeni kama yalivyo.

Ni marefu kidogo. Anayetaka tu kujua jinsi ya kulitambua jiwe la mtoni lisilofaa, ashuke hadi karibu na mwisho. Wengine twende pamoja.

Mimi ni wa Jinja, Uganda, umri miaka ishirini na sita. Nafanya kazi kwenye duka la kuprint na photocopy pale mjini, kwenye zile nyumba za kizamani zenye veranda ndefu. Baba alikuwa askari, kwa hiyo nilizaliwa kambini, na Kiswahili changu cha kwanza ni cha kambini. Kilichobaki nimejifunza humu kwa kuwasoma ninyi. Ngeli ikiteleza, msinicheke sana.

Shule niliishia Senior Four. Baada ya hapo nimejisomesha kwa karatasi za wateja. Mtu akileta kitabu cha kuprint, mimi nasoma kurasa zinavyotoka kwenye mashine. Siku moja mwanafunzi wa chuo alileta notes za miamba. Nakala ya kwanza ilitoka na mistari myeusi, nikamtolea nyingine safi, ile mbovu nikabaki nayo. Nimeisoma mpaka imelegea.

Jambo jingine la kukiri mapema: nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kinyooke. Karatasi ikikatwa na kupinda kidogo, naikata tena. Kufuli la duka naligusa mara tatu kabla ya kuondoka. Mkumbuke hilo, maana ndilo lililoniponza.

Sasa mama.

Kwao mama ni upande wa Mbale, chini kwenye tambarare, karibu na mto unaoteremka kutoka mlimani. Vita vya waasi vilipofika huko, mimi nilikuwa na miaka mitatu na tulikuwa kwa babu. Baba alikuwa kaskazini na kikosi chake. Mama alinifunga mgongoni akatembea mpaka Mbale mjini, tukalala kwenye sakafu ya darasa na familia nyingine nyingi. Mimi sikumbuki chochote. Nyumba ya babu ilichomwa. Baba hakurudi kutoka kaskazini.

Naandika kwa kifupi kwa sababu hata nyumbani tunasimulia hivyo hivyo, kwa sentensi nne.

Baadaye tulihamia Mpumudde, Jinja, kati ya familia nyingine za askari, mama akawa anashona sare za shule. Amani iliporudi, wajomba wakarudi kijijini mmoja mmoja. Mama alikataa kwa miaka mingi. Halafu asubuhi moja akaweka mkasi mezani na kusema anarudi kujenga kwenye kiwanja cha baba yake. Vyumba viwili. Ila msingi na kuta mpaka usawa wa dirisha viwe vya mawe.

"Tope sitaki tena," alisema. "Na mawe utachagua wewe. Wewe una jicho."

Wakuu, mama yangu si mtu wa kusifu. Niliomba likizo siku hiyo hiyo.

Nilikuta fundi ameshapatikana. Tumwite Fundi Mafabi, mtu wa mlimani, aliyejenga miaka mingi upande wa Kenya, ndiyo maana anakijua Kiswahili. Kimasaba chake mimi sikijui, Kiteso changu yeye hakijui, tukabaki na Kiswahili. Jirani mmoja, mama mtu mzima, alipotusikia siku ya kwanza alitoka jikoni kwake na mwiko mkononi kuangalia ni askari gani wamekuja. Kwa wazee wa huko, lugha hii bado ina harufu ya bunduki. Alipoona ni mimi na fundi mwenye tope magotini, akarudi kwenye chungu chake.

Ulikuwa msimu wa kiangazi, mto umepungua. Mtoni kulikuwa na mawe ya aina mbili.

Ya kwanza ni meusi, mviringo mviringo, yana vishimo kama uso wa mtu aliyewahi kuugua ndui. Hakuna mawili yanayolingana. Fundi aliyataka hayo.

Ya pili yalikuwa kwenye ukingo, pale maji yalipokuwa yameukata mwamba. Rangi ya kijivu, yamelala tabaka juu ya tabaka kama karatasi kwenye rimu. Ukiingiza patasi na kugonga mara mbili, linatoka bamba safi, bapa, kingo zimenyooka, unene karibu sawa.

Mnaweza kukisia nilipenda yapi.

Sikukurupuka, mnielewe. Nilitoa notes zangu. Nikasoma: jiwe la chembe laini, rangi ya kijivu, linapasuka kwa mabamba. Nikasema hii ni slate, jiwe gumu la kuezekea na kutandika sakafu. Na Jinja mawe bapa tunayajua. Veranda ya duka moja karibu na kazini imetandikwa hayo tangu kabla mama hajazaliwa, watu wanayakanyaga na mvua inayapiga, yapo tu. Mtu wa Mbale asingefanya kosa hili. Lilihitaji mtu aliyekulia kwenye veranda za Jinja.

Notes zilisema pia nikwaruze kwa msumari, likichimbika kirahisi ni laini mno, si slate. Nilikwaruza. Msumari ulizama ukaacha mstari mweupe.

Nikajiambia msumari ni wa kampuni nzuri.

Nilipasua mabamba kwa siku tano. Nikayapanga juani kwa ukubwa, kubwa mpaka dogo, yakakauka wiki mbili. Nilipiga picha. Lilikuwa rundo zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Fundi alikuja, akachukua nyundo, akagonga bamba langu. Likasema "pu." Akagonga jiwe jeusi. Likasema "ngii."

"Afande," aliniita hivyo tangu aliponiona nakagua mawe kwa mstari kama gwaride. "Umesikia? Hii nyeusi inaitika. Hii yako inanyamaza."

"Fundi, jiwe si ng'ombe. Haliitiki."

"Kwetu mlimani, jiwe ya kunyamaza hatuweki chini ya nyumba."

Nikamletea notes. Nikamwonyesha picha ya slate, nikamsomea Kiingereza kisha nikatafsiri. Alisikiliza kwa adabu zote, akazikung'uta karatasi vumbi na kunirudishia.

"Kale," akasema, yaani haya basi. "Mwenye nyumba amesema kijana wake achague. Mimi ni mkono tu."

Tukaanza kujenga. Mabamba yalikaa kwenye mtaro wa msingi kama vitabu kwenye rafu. Hata fundi alikiri kwamba uzi wa kupimia ulikuwa hauna kazi. Mawe meusi yaliyokuwa yameshaletwa tukayasogeza kando.

Mstari wa tatu ulipokwisha, alikuja Apio. Apio ni mke wa binamu yangu, wakati huo mjamzito wa miezi saba, mwenye maneno mengi. Alituletea chai, akaketi juu ya rundo langu. Tunaongea naye Kiteso, nawaletea kwa Kiswahili.

Nikamwona anatafuna.

"Unakula nini?"

"Nyumba yenu."

"Apio!"

"Nimekula kona tu, shemeji. Usilie."

Nilimwambia hiyo ni slate, itamharibu meno. Akaniangalia kwa huruma.

"Jiwe gani linayeyuka mdomoni? Hii ni afadhali kuliko udongo wanaotuuzia sokoni Mbale. Ule una mchanga, unasaga meno. Hii laini kabisa, kama imechujwa kwa kitambaa."

"Na yale meusi umeyaonja?"

"Yale? Unataka mtoto azaliwe hana meno, na mama naye hana?"

Fundi, ambaye hakuelewa neno lakini aliona kinachotafunwa, aliinama akaendelea kuchanganya saruji.

Kwa wasiojua, huku kwetu wanawake wengi wakiwa na mimba hula udongo, na wanaujua kwa ulimi kama wengine wanavyojua chai. Madaktari hawapendi, na mimi simshauri mtu. Nasema tu kwamba yule mwanamke alitambua kwa kona moja kile ambacho mimi na kurasa zangu tulishindwa.

Aliponyanyuka na kwenda, nilichukua bamba moja, nikalipeleka nyuma ya jiko, nikalizamisha kwenye ndoo ya maji. Ilikuwa kama saa tano asubuhi.

Kwanza lilitoa mapovu madogo. Saa saba kingo zilikuwa zimeanza kumomonyoka. Saa kumi nililinyanyua, nusu ikabaki ndani ya ndoo. Ile nusu iliyokuwa mkononi ilifunguka kama kitabu kilicholowa.

Nilihesabu mistari iliyokwisha kujengwa: mitatu.

Halafu nikafunika ndoo kwa karai.

Hapa ndipo pabaya. Ilikuwa Jumatatu. Mama alikuwa anakuja Alhamisi kutoka Jinja, pamoja na katekista, kuuombea msingi. Mimi nilinyamaza Jumatatu jioni. Nikanyamaza Jumanne. Nikanyamaza Jumatano. Fundi akapandisha mistari miwili zaidi juu ya kunyamaza kwangu, na mimi nilikuwa nampa mabamba kwa mkono wangu.

Nilijiambia saruji italifunika. Nilijiambia maji hayatafika ndani. Kiwanja kile mvua ikinyesha maji hutuama mpaka kifundo cha mguu, nilijua. Nilitafuta Google mpaka bando likaisha, natafuta mtu mmoja tu duniani aseme haina shida.

Alhamisi mama alifika. Amevaa gomesi, lile gauni lake refu la kanisani. Hakusalimia vizuri hata, alienda moja kwa moja kwenye msingi, akatembea kuuzunguka huku mkono umegusa mawe. Akarudi pale nilipo.

"Papa," yaani baba, huniita hivyo akiwa na furaha, "imenyooka."

Katekista alikuwa ameshafungua kitabu.

Nilimwambia mama aje nyuma ya jiko kidogo.

Nikatoa karai. Aliingiza mkono kwenye ndoo, akatoa konzi ya matope, akayasugua kwa vidole, akanusa.

"Hili ndilo lililoko kule?"

"Ndiyo."

"Lote?"

"Lote."

"Fundi alikuambia kitu?"

"Alisema halilii likigongwa."

"Umejua lini?"

"Jumatatu."

Akafuta mkono kwenye ukuta wa jiko. "Jumatatu tungetoa mistari mitatu. Leo tunatoa mitano."

Nikaanza maelezo, slate, notes, veranda ya Jinja. Akanikatiza, lakini sauti haikupanda.

"Unajua nyumba ya babu yako ilikufaje? Watu husema waasi waliichoma. Waasi walichoma nyasi za juu, basi. Kuta zilibaki zimesimama, waliokuja kuchungulia walituambia. Mvua ndiyo ilizimaliza, kwa sababu sisi tulikuwa Mbale kwenye sakafu ya watu na hapakuwa na mkono wa kuzikandika. Nyumba ya tope ni kama mtoto mchanga, ukiiacha inakufa. Mimi nataka nyumba ambayo siku nikilazimika kuiacha, itangoja."

Miaka yote hiyo nilidhani anaogopa moto.

Akatoka, akamwambia katekista, "Mwalimu, funga kitabu. Hii hatuiombei." Kisha akaniambia niende kwa fundi mwenyewe, nisimtume mtu.

Nilimweleza Fundi Mafabi kila kitu, pamoja na ndoo, pamoja na zile siku. Alinisikiliza ameegemea sepetu.

"Nilikuambia inanyamaza, afande."

"Ulisema."

"Na wewe ukanyamaza pamoja nayo."

Akachomeka sepetu ardhini.

"Kale. Leta mtaimbo."

Tulibomoa siku nne. Jiwe la kwanza mama alilitoa yeye mwenyewe, na gomesi ile ile. Katekista alivua koti akasaidia mpaka jioni. Apio alikuja na magunia mawili akajaza vipande, akasema hataki kitu kipotee.

Kisha nikaanza upya, mawe meusi. Niliyabeba moja moja, fundi anagonga, mimi nasikiliza. Yalikaa vibaya. Hakuna mstari ulionyooka. Kila jiwe lilihitaji kugeuzwa mara tatu ndipo lipate pa kukaa. Usiku nilikuwa nafumba macho naona zile kona. Msingi ule hata leo nikiutazama nasikia kuwashwa.

Sasa kwa waliosubiri elimu. Mimi si mtaalamu, wenye fani yao wanirekebishe.

Lile jiwe la kijivu kwa Kiingereza ni mudstone. Ni miongoni mwa mawe ya kawaida kabisa duniani. Ni tope laini sana lililotulia chini ya maji yasiyo na haraka, ziwa au bwawa, tabaka likaelemea tabaka, likabanwa mpaka likawa gumu. Slate ni ndugu yake yule yule, ila amebanwa zaidi na kupikwa na joto chini ya ardhi. Kwa hiyo sikukosea ukoo, nilikosea mtu.

Kulitambua: litazame kwa karibu, huoni chembe hata moja. Jiwe la mchanga, yaani sandstone, litakukwaruza kidole kama msasa. Hili ni laini. Msumari unaliandika kwa urahisi, na msumari hauna kosa. Lipulizie pumzi ya mdomo halafu unuse haraka, linatoa harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza. Likigongwa halilii.

Wengine hudondoshea ndimu kuona kama litatoa povu, hiyo ni ya kutafuta chokaa. Upande wetu ule hata mawe mengine yaliyotoka kwenye volkano hutoa povu, kwa hiyo povu peke yake lisikuamulie.

Yale meusi yenye vishimo ni ya mlima wenyewe, ulipokuwa unatema moto. Vishimo ni hewa iliyokuwa ndani.

Jambo moja lilinisumbua sana: kama linayeyuka, mbona mto haukulimaliza? Nilikuja kuelewa baadaye. Kule ukingoni lilikuwa limelowa siku zote, na limebanwa na wenzake. Linaloliua ni kukauka kisha kulowa, kukauka kisha kulowa. Mimi nililitoa, nikalianika juani wiki mbili kwa mpangilio mzuri, ndipo nikataka kulirudishia mvua. Zile picha nilizopiga za rundo ni picha za mimi nikiliharibu.

Kwa hiyo kipimo ni ndoo. Likaushe, lizamishe, subiri kutwa. Hakihitaji Kiingereza.

Nyumba ilikwisha. Mama akahamia, akapanda mihogo, nikarudi Jinja kazini.

Mvua za masika zilipoanza kupiga kweli kweli, nikamwona mama amesimama mlangoni kwangu Mpumudde na begi.

"Kuna tatizo?"

"Hakuna. Nimeifunga."

"Kwa nini?"

"Naipima."

Alikaa kwangu mvua zote. Alishona, alikwenda kanisani, hakuuliza habari za nyumba hata siku moja. Mimi ndiye niliyekonda. Nilikuwa nampigia Apio kila asubuhi, imesimama? Mwishowe akaniambia, "Shemeji, nina mtoto mmoja wa kunyonyesha, wewe sikukuzaa."

Mvua ilipokata tulikwenda pamoja. Maji yalikuwa yameacha alama ya matope kwenye mawe, karibu shubiri mbili kutoka chini. Mama aliizunguka nyumba polepole, anabonyeza kila kona kwa kidole gumba kama mtu anayechagua embe. Akafungua mlango. Ndani kulikuwa na harufu ya kufungiwa, na mjusi mmoja aliyekasirika. Sakafu kavu.

Mama aliketi kizingitini akavua viatu. Akaweka miguu juu ya saruji, akatazama mihogo iliyomezwa na majani.

"Nenda kateke maji tunywe chai," akasema. "Na uache kutazama kuta kama daktari."

Nikaenda.

Nilichojifunza, wakuu, si kwamba kusoma ni kubaya. Notes zangu zilikuwa sahihi. Zilisema nikwaruze, nikakwaruza, nikakataa jibu kwa sababu rundo lilikuwa zuri. Kutojua jiwe ni kosa la mtu yeyote anayejifunza. Zile siku za ndoo chini ya karai ni zangu peke yangu.

Wenye geology mnisahihishe pale nilipoteleza. Na waliojenga tena baada ya kukimbia, wa Uganda, Kongo, Burundi, popote, ningependa kusoma mlianzia na nini.

Mwenye swali aulize. Nisichokijua nitasema sijui, siku hiyo hiyo.